Rostam Aziz na Igunga: mbunge tajiri alikaa miaka yote ile, daraja la Mbutu likaja alipoondoka

Mwana wa Wembere (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini, mvua imeondoka na umeme toka saa kumi, simu ina asilimia sitini. Nitaandika mpaka izime, nikikatikia njiani mjue sababu.

Juzi kijiweni hapa Ng'ambo palizuka ubishi. Kijana mmoja wa bodaboda anasema jimbo masikini dawa yake ni kumpa tajiri, maana tajiri hana njaa, hataiba, na ataleta na za kwake. Wenzake wakamshangilia. Nikamwambia mdogo wangu, sisi watu wa Igunga tulishafanya hilo jaribio, tena si kwa kipindi kimoja. Akaniuliza, nani huyo? Nikamtaja. Akanikodolea macho. Yeye Rostam Aziz anamjua kama mtu wa mitungi ya gesi tu, kuwa aliwahi kuwa mbunge hapa mkoani alikuwa hana habari.

Nikaona huu uzi unahitajika.

Niweke mambo mezani kwanza. Simdai, hanidai, sijawahi kukaa naye meza moja. Nilizaliwa upande wa mbuga ya Wembere, baba mkulima wa pamba, mimi nauza mchele. Na tafadhali, huu si uzi wa Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Kila uzi wake humu unaishia Richmond kabla hata ya ukurasa wa pili. Nitaigusa nikifika, halafu nitapita.

Tuanze. Rostam Abdulrasul Aziz ni mtoto wa mkoa huu, kazaliwa 1964, ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Uajemi. Wageni wasiojua Tabora wanashangaa hapo. Sisi hatushangai. Huu mji ulikuwa njia panda ya misafara kabla Dar es Salaam haijawa kitu: Waarabu wa Kwihara, Wabulushi, Wahindi, wapagazi wa Kinyamwezi, wote walikutana hapa. Mtu wa asili ya Uajemi anayeongea na wazee kwa lugha yao hapa si sinema.

Na kuna kitu kimoja huwa kinanichekesha. Vodacom ilipoanza kazi nchini mwaka 2000, yeye akaja kuwa mwenye hisa mkubwa wa ndani, na kampuni iliyobeba hisa hizo iliitwa Mirambo. Sasa Mnyamwezi yeyote anajua Mirambo ni nani, yule mtemi wetu wa vita. Mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe aliifunga njia ya Ujiji, msafara haupiti bila kumkubali yeye. Wakubwa wa zamani walitoza hongo, ile hongo ya kale, ushuru wa kupita, si hii mnayoifikiria. Basi aliyechagua jina hilo kwa kampuni ya simu ama alikuwa mcheshi sana au alikuwa anajua historia sana. Maneno yote ya nchi yanapita njiani kwako, kila anayepita anaacha kidogo.

Naendelea chini.

Dereva wa Nzega

Nimekaa paleee. Endelea mkuu, leo gari lipo gereji.

Shangazi Isevya

Mwanangu andika, lakini usije ukaanza kumpamba. Tulikuwepo.

Mwana wa Wembere

Shangazi shikamoo. Simpambi wala simchafui.

Aliingia bungeni 1994, kijana wa miaka thelathini tu. Akashinda 1995, 2000, 2005 na 2010. Mpaka anaondoka Julai 2011, mtoto aliyezaliwa mwaka anaoingia alikuwa tayari anatafuta mchumba.

Ili mwelewe Igunga ya 1994 lazima mjue pamba. Mwaka ule ule ndio biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kabla ya hapo ulikuwa unapeleka kwenye ushirika, unapewa karatasi, unasubiri. Baba alikuwa na karatasi za namna hiyo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nyingine zimeliwa na mchwa kabla ya kulipwa. Halafu ghafla wanakuja watu na fedha taslimu kwenye gari, wanapima, wanalipa, wanaondoka. Bei inapanda wiki hii, inashuka wiki ijayo, lakini hela unaishika mkononi. Mwenyekiti wa ushirika aliyekuwa anaogopwa kijiji kizima akaanza kupitwa njiani bila salamu.

Kwa hiyo hali ya hewa ilikuwa hiyo. Serikali na ushirika vimechoka, mfanyabiashara ndiye anayeonekana ana nguvu. Ndani ya hali hiyo kuchagua tajiri haikuwa ujinga. Mimi nisingemlaumu baba yangu kwa kura yake. Watu walikuwa wamemuona mwenye karatasi na wamemuona mwenye hela, wakachagua mwenye hela.

Lililofuata ndilo ninalotaka kulisema. Mbunge wako akijulikana kuwa na fedha, matatizo yako yanabadili njia. Badala ya kuyapeleka bungeni kupitia kwake, unayapeleka mfukoni kwake. Msiba, ada, mabati, jezi za timu, safari ya mgonjwa kwenda hospitali ya Nkinga. Mkutano wa hadhara unakuwa foleni ya shida. Hakuna anayenyanyua mkono kuuliza bajeti ya Wizara ya Ujenzi ina nini kwa ajili yetu mwaka huu, maana ukiuliza hivyo unaonekana unamvunjia heshima mtu aliyekuja kutoa. Silisemi hili kwa Rostam peke yake, ni ugonjwa wa majimbo yote yenye mbunge mwenye uwezo. Ila mimi niliuona kwetu.

Na mimi binafsi, nikiulizwa hapa nikumbuke hotuba yake moja ya bungeni iliyohusu mto Mbutu, ule unaotukatia njia kila masika, sikumbuki.

Fundi Kinu

Mkuu hapo umeteleza. Mbunge hajengi daraja. Daraja linajengwa na serikali. Unamlaumuje mtu mmoja kwa mto ambao ulikuwepo toka enzi za Mjerumani? Na hizo shida ndogo ndogo unazozidharau, msiba na ada, kwa mwenye msiba si ndogo. Nyie mliosoma mnataka mbunge wa maswali ya nyongeza, mama yangu alikuwa anataka mbunge ambaye simu yake inapokelewa.

Mwana wa Wembere

Fundi umenena, na hiyo ndiyo sababu tulimrudisha mara zote hizo. Ila jiulize, mto ulikuwepo toka Mjerumani, daraja limekuja lini na kwa nini mwaka ule? Nakuja huko.

Dereva wa Nzega

Mtu ambaye hajawahi kukwama Mbutu masika asichangie huu uzi. Nililala pale siku mbili na tani za mpunga juu, maji yanakuja na magogo. Ng'ombe wa watu wanapita wanaelea. Wavushaji wanakubeba mgongoni kwa hela, ukifika katikati anakwambia bei imepanda.

Shangazi Isevya

Hahahaha hiyo ya bei kupanda katikati ya maji hata mimi ilinikuta. Nilikuwa na mtoto na debe la mafuta. Nililipa.

Kijana wa Cheyo

Samahani wakubwa, hivi TAKRIMA ilikuwa ni nini? Nimeona mzee mmoja kaitaja kwenye uzi mwingine nikajua ni jina la mtu.

Mwana wa Wembere

Hahaha. Dogo umenikumbusha jambo zuri, na hili tukae kidogo maana ndilo ufunguo wa siasa za wenye fedha nchi hii.

Takrima kwa Kiswahili cha nyumbani ni ukarimu. Mgeni kaja, unampa maji, unamchinjia kuku. Mwaka 2000 Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi, likaingiza kwamba mgombea akitoa kitu kwa nia njema kama ukarimu wa kimila, hiyo si rushwa. Umeelewa? Pilau ni ukarimu. Kanga ni ukarimu. Swali likawa, ukarimu unaishia wapi? Kilo ngapi za nyama ndiyo bado mila, na kilo ya ngapi ndiyo hongo? Hakuna aliyejua, na nadhani hakuna aliyetaka kujua. Uchaguzi wa 2000 na wa 2005 nchi nzima ulikwenda kwa mtindo huo, vyama vyote vyenye uwezo.

Aprili 2006 Mahakama Kuu ikafuta. Watetezi wa haki za binadamu walikwenda kushitaki, wakasema kipengele hicho kinampa mwenye fedha nafasi ambayo masikini hana, na mahakama ikakubaliana nao kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Baadaye 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, mgombea aseme katumia ngapi na kazitoa wapi.

Sasa fikiria kijijini. Mwaka 2000 mtu anakupa kanga, ni mila. 2005 anakupa, ni mila. 2006 unaambiwa ile mila ilikuwa batili. Bibi yangu alisema, "Kwa hiyo ile kanga niirudishe?" Alikuwa ameshaifanya pazia.

Fundi Kinu

Bibi noma.

Mwisho wa Reli

Wakuu salaam kutoka Kigoma. Naona mnaongea kama tajiri kwenye siasa ni uvumbuzi wa Igunga. Sisi mwisho wa reli tulianza na nyie mwaka mmoja, ila sisi tulikwenda njia nyingine. Mwanzisha uzi akiruhusu nitaleta ya Kabourou na Premji.

Mwana wa Wembere

Leta mjomba, ila nimalizie kwanza kuanguka, halafu wewe utaingia mahali pake.

2005 ndiyo ilikuwa kilele. Kundi lililomwingiza Jakaya Kikwete Ikulu lilijulikana kama Mtandao, na majina mawili yaliyotajwa sana ndani yake ni Edward Lowassa na Rostam Aziz. Aliwahi pia kuwa Mweka Hazina wa CCM taifa. Akawa na mkono kwenye magazeti: Habari Corporation, yaani Mtanzania, Rai, Dimba, Bingwa na The African. Mbunge wa jimbo la pamba, anashika sanduku la chama tawala, anashika simu, anashika gazeti. Ukiwa Igunga ulikuwa unajiona upo karibu na jua. Cha ajabu, joto lenyewe hulisikii.

Septemba 2007 Dk. Slaa wa CHADEMA akasoma ile orodha yake ya watuhumiwa wa ufisadi pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, jina la Rostam likiwemo. Februari 2008 ripoti ya Kamati Teule ya Dk. Mwakyembe kuhusu Richmond ikamuondoa Lowassa kwenye uwaziri mkuu, na Rostam naye akatajwa humo. Aprili 2009 marehemu Mengi, mfanyabiashara mwenye vyombo vya habari, akaita waandishi akawataja watu watano kuwa ni mafisadi papa, Rostam akiwemo. Naye akaita waandishi wake, akamrudishia kuwa Mengi ndiye nyangumi. Nchi ikawa inaongea samaki tupu. Yeye alikana tuhuma zote hizo, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Nimemaliza sehemu hiyo, anayetaka aifungulie uzi wake.

Aprili 2011 CCM wakakaa Dodoma wakatoka na msemo wa kujivua gamba. Watuhumiwa wajipime, waondoke wenyewe ndani ya siku tisini. Nape Nnauye, katibu mwenezi wa chama, ndiye aliyekuwa msemaji wa jambo hilo, kila jukwaa ni gamba. Wengi tulidhani ni mchezo wa redio. Tarehe 13 Julai 2011 Rostam akaja Igunga, akawaita wazee wa CCM, akawaambia anaachia ujumbe wa Halmashauri Kuu na anaachia ubunge, kachoshwa na siasa uchwara, anarudi kwenye biashara zake. Akabaki mwanachama wa kawaida.

Nilikuwa gulioni siku hiyo. Habari ilifika kwa simu ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anauza kuku. Akashusha simu akasema, "Rostam kaacha." Pakawa kimya. Halafu mzee mmoja akauliza, "Kaacha nini?" Hakuelewa, maana katika kichwa chake ubunge wa Igunga na yule mtu vilikuwa kitu kimoja. Wengine walilia pale kwenye mkutano wa wazee, wapo waliomuomba abaki. Mimi sikulia, ila nakiri nilipata ile hali ya mtu aliyeamka kitanda kimehamishwa.

Kumbukeni katika wale waliokuwa wanaambiwa wajivue gamba, wa juu aliyeondoka mwenyewe ni yeye. Hilo nampa. Wengine waliendelea kuvaa.

Shangazi Isevya

Hapo kwenye "wengine waliendelea kuvaa" nimecheka peke yangu gizani.

Dereva wa Nzega

Sasa tuingie uchaguzi mdogo. Ile miezi miwili nilipiga hela ya mafuta ambayo sijaiona tena. Igunga ilikosa nyumba ya kulala wageni, watu wanalala kwenye magari.

Mwana wa Wembere

Aisee. Wilaya ambayo haikuwahi kuona waziri zaidi ya mara moja kwa mwaka, ghafla ilionekana nusu ya Dodoma imehamia kwetu. Chopa zinatua viwanjani, mbuzi wanakimbia. Mzee Mkapa mwenyewe alikuja kufungua kampeni za CCM. CHADEMA wakaleta jeshi lao lote. Kuna ugomvi wa mkuu wa wilaya na wabunge wa CHADEMA ulioishia polisi. Kuna ile picha ya Rage, aliyekuwa mbunge wa Tabora Mjini na mwenyekiti wa Simba, na bastola kiunoni mkutanoni. Ilizunguka mpaka mashabiki wa Yanga wakapata la kusema mwaka mzima.

CCM walimsimamisha Dk. Dalaly Peter Kafumu, aliyekuwa Kamishna wa Madini. CHADEMA wakamsimamisha mwalimu Joseph Kashindye. CUF wakamrudisha Leopold Mahona. Kura zilipigwa tarehe 2 Oktoba 2011. Kafumu 26,484, Kashindye 23,260. Tofauti ni 3,224. Jimbo lililokuwa likihesabiwa la CCM kabla hata sanduku halijafunguliwa, likapita kwa tundu la sindano.

Na katikati ya hizo kampeni ndipo Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, akasimama akaahidi daraja la Mbutu.

Rudini mlisome hilo. Miaka yote ile tuna mbunge anayemjua Rais kwa jina, tunavushwa migongoni. Mbunge kaondoka, kiti kipo wazi, upinzani unapumua shingoni, daraja linaahidiwa ndani ya miezi michache. Fundi Kinu, ndiyo maana nilikwambia jiulize kwa nini mwaka ule. Tulipokuwa na uhakika hatukuwa na thamani, maana kura zetu zilikuwa tayari kwenye gunia, limeshonwa. Tajiri wetu aliifanya Igunga ionekane haina shida, kwa sababu ana uwezo na ni wa kwao. Waziri gani atapanga fedha kwa jimbo la bwana mkubwa wakati kuna wabunge wanaopiga kelele?

Fundi Kinu

Hapo nakubali nusu. Nusu nyingine bado naiweka kiporo.

Mwisho wa Reli

Naingia sasa.

Februari 1994 Kigoma Mjini kulikuwa na uchaguzi mdogo. CCM walimweka Azim Premji, mfanyabiashara. CHADEMA, chama kichanga, wakamweka Dk. Aman Walid Kabourou, msomi aliyetoka kusoma Marekani. Vyama vingi vilikuwa na umri wa miaka miwili tu, upinzani haujui hata kugonga nembo. Premji akatangazwa mshindi. Kabourou akaenda mahakamani, matokeo yakafutwa, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikasimama na kufutwa kule. Moja ya mambo makubwa ilikuwa Radio Tanzania: kwamba redio ya umma ilibeba upande mmoja wakati wajibu wake ni kuwatendea wagombea kwa haki. Hiyo kesi wanasheria wanaisoma mpaka leo, na inaitwa kwa jina la mtu wetu.

Mwaka 1995 Kabourou akagombea tena, akachukua jimbo. Sasa hapo ndipo tunapotofautiana na ndugu zetu Wanyamwezi. Nyie mlipata tajiri mwaka 1994 mkatulia. Sisi tulipata tajiri mwaka huo huo tukaenda kortini. Muha hashibi kwa kuahidiwa.

Ila nisiwadanganye, na msomi naye ni mtu. Baadaye Kabourou mwenyewe alihamia CCM, akafika kuwa mwenyekiti wa chama hicho mkoani kwetu. Kafariki 2018, Mungu amrehemu. Kigoma bado wapo wasiomsamehe na wapo wanaomwita baba wa mageuzi, mara nyingine ni mtu yule yule, inategemea kahawa ya ngapi.

Shangazi Isevya

Muha hashibi kwa kuahidiwa ila anashiba kwa migebuka. Leteni na sisi, reli ipo.

Mwana wa Wembere

Mjomba wa Kigoma, ahsante, na sasa sikiliza jinsi kesi yenu ilivyotufuata nyumbani. Kashindye naye alikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 21 Agosti 2012 Jaji Mary Shangali akafuta ushindi wa Kafumu. Na mojawapo ya sababu zilizomwangusha ni ile ahadi ya daraja la Mbutu! Waziri kutumia mali ya serikali kama chambo cha kura. Mambo ya mahindi ya msaada nayo yalikuwa kwenye madai.

Nilikuwa nje ya jengo la mahakama siku hiyo. CHADEMA wanacheza, CCM wanaangalia viatu. Mzee mmoja kutoka kijijini kwetu akanivuta shati: "Mwanangu, sasa daraja nalo limefutwa?" Sikuwa na jibu. Nilimnunulia chai.

2013 Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu ubunge. Na daraja likajengwa, tena na makandarasi wazawa walioungana, likawa darasa la taifa kuwa Watanzania wanaweza. Leo napita na gari la mchele masika, dirisha limefunguliwa, nasikiliza redio.

Kijana wa Cheyo

Kwa hiyo yeye Rostam alipotoka siasa alipotea?

Mwana wa Wembere

Apotee wapi. Mwaka 2013 jarida la Forbes likamtaja kuwa Mtanzania wa kwanza kufika dola bilioni moja. 2014 akauza asilimia 17.2 ya Vodacom kati ya 35 alizokuwa nazo, kwa takribani dola milioni 240. Caspian yake ilikuwa kwenye ukandarasi wa migodi. Na hiyo Taifa Gas unayoijua wewe, 2023 ilivuka mpaka, Rais Ruto akaenda mwenyewe Dongo Kundu, Mombasa, kwenye uzinduzi wa mradi wao.

Yaani alivyosema anarudi kwenye biashara, alirudi kweli. Nikiwa mkweli nadhani biashara ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote, na ubunge ilikuwa kama leseni tu iliyoning'inizwa ukutani. Sisi ndio tulikuwa ukuta.

Fundi Kinu

Mkuu hilo la mwisho kali. Lakini ngoja nimtetee kidogo. Umehesabu walioajiriwa? Umehesabu kodi? Mtu wa Tabora kuwa na mgodi, simu na gesi, vijana wetu wakaona kumbe inawezekana. Hilo halina thamani? Wabunge wangapi wa mkoa huu wametoka bungeni wakabaki na nyumba moja na kesi tatu?

Mwana wa Wembere

Lina thamani, na nimesema simchafui. Kama mfanyabiashara namvulia kofia. Swali la yule dogo wa bodaboda lilikuwa tumpe jimbo. Ni vitu viwili. Baba alikuwa na dume la ng'ombe zuri kuliko yote kijijini, linashinda kila linapopelekwa. Lakini kulima alikuwa anatumia maksai.

Dereva wa Nzega

Na tangu 2009 kuna Mfuko wa Jimbo, sheria kabisa, hela za serikali za kuchochea maendeleo. Mbunge sasa hana haja ya kutoa za kwake. Mkiona anatoa za kwake sana, muulizeni za mfuko zipo wapi.

Shangazi Isevya

Hilo dereva kapigilia. Mimi kwenye kata yetu huwa nauliza. Wananiita mama maswali. Sijali.

Mwisho wa Reli

Swali moja kwa mwanzisha uzi kabla simu yake haijazima. Oktoba 2011 ulimpigia nani? Na usiseme kura ni siri, hapa hatujui jina lako.

Mwana wa Wembere

Asilimia nne.

Mjomba, nilikuwa nimekwisha amua Kashindye. Kadi ipo mfukoni, fulana ya kaki ya CHADEMA nimeificha chini ya shati. Kisha siku chache kabla nikatumwa kumvusha shangazi yangu anayeumwa, maji yakiwa bado hayajaja, mto ni mchanga mtupu, tunavuka kwa miguu kama uwanja wa mpira. Katikati akaniambia, "Hapa ndipo alipochukuliwa mtoto wa jirani." Mto hauna tone.

Nikaenda kituoni nikapigia daraja. Mahakama ikaja kusema lile daraja lilikuwa chambo, na nilipousikia uamuzi nilijua unanisema mimi

Dereva wa Nzega

Simu imezima hiyo.

Shangazi Isevya

Imezima. Nani ana bei ya mchele wa Igunga kesho hapa sokoni, maana muuzaji wetu ndiye huyo yuko gizani?